Siku Nilipohesabu Ng'ombe wa Kemigisha

Tangu nilipokabidhi funguo za ofisi ya Kayanga, asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Ukungu unashuka kibanjani kwangu hapa Bugene, unatulia juu ya migomba kana kwamba nao umestaafu, na ndani yake nawaona watoto wamekaa duara. Wengine sasa wana watoto wao wenyewe, lakini kwenye ukungu wamebaki na miaka kumi, kumi na mmoja, soksi moja imepanda na nyingine imeshuka. Wananitazama. Nikinyanyuka kuwasogelea, jua linatoka na nabaki naangalia migomba.

Kwa hiyo nimeamua kuwaandika, na ninawaandikia nyinyi vijana mnaochukua makundi yangu ya watoto. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayevitaka avitafute kwenye faili langu, kama panya wameliacha.

Nianze na mimi, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeanza na mimi. Nilizaliwa Rugera, nyumba ya kahawa na migomba, mtoto wa sita. Niliondoka na mashati mawili kwenda Mwanza, nikabeba mifuko ya saruji, nikaziba pancha za baiskeli, kisha nikawa mlinzi kwenye lango la chuo. Wanafunzi walikuwa wakitupa madaftari yao kila mwisho wa mwaka, na mimi nilikuwa nayaokota na kuyasoma. Nikafanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mwaka mmoja nikapita kwenye lango lile lile nikiwa mwanafunzi. Mlinzi aliyenirithi alinipigia saluti ya utani. Niliipokea kwa uzito wote. Stashahada yangu ya Ustawi wa Jamii niliileta nyumbani ndani ya bahasha ya plastiki, nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Katika ukoo wetu nilikuwa wa kwanza, na mpaka leo sijamsikia wa pili. Wengi waliosoma hawakurudi. Mimi nilirudi, na ninaomba hilo liandikwe mahali.

Wakati huo Kyerwa na Karagwe zilikuwa bado wilaya moja, nami nilizizungukia zote kwa pikipiki iliyokuwa na breki upande mmoja. Baadaye zikagawanywa. Watoto hawakugundua.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nitaieleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wazazi. Kuna watoto ambao wasiwasi unawaingia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye tope. Tumbo linauma kila Jumatatu. Usingizi unakatika. Mtoto aliyekuwa mchekaji anaanza kukaa pembeni. Ukisubiri mpaka azame, utahitaji hospitali. Ukimkuta maji yako kwenye vifundo vya miguu, unahitaji wenzake kumi na mmoja, mkeka, saa moja kwa wiki, na mtu mwenye subira kwa wiki kumi. Wanajifunza kuutaja wasiwasi kwa jina, kupumua taratibu, kuomba msaada, kusikiliza mwenzao. Ndiyo kazi yote. Inaonekana ndogo, na wakaguzi wengi waliona hivyo.

Siku yangu ya kwanza niliwaambia wazazi kwamba kundi letu ni kama chanjo ya moyo. Nilijisikia fundi wa maneno. Wiki iliyofuata kina mama watatu walifika na kadi za kliniki, na watoto walikuwa wanalia tangu barabarani wakiogopa sindano. Basi kundi langu la kwanza la kuzuia wasiwasi lilianza kwa kuwatia wasiwasi watoto wote kwa mpigo. Sijawahi tena kutumia neno chanjo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kulikuwa na kadi za nyuso, zilizotoka makao makuu: uso unaocheka, uso wa kawaida, uso wenye huzuni, uso wenye hofu. Kulikuwa na mpira wa magomba makavu, uvumbuzi wangu mwenyewe, unaozunguka duara ili mwenye nao ndiye aseme. Na kulikuwa na zoezi la kupumua ambalo pia nililitunga mimi: unuse kahawa ya moto, kisha uipulize ipoe. Nimesikia sasa linafundishwa mikoa mingine bila jina langu. Haidhuru. Mnajua lilipotoka.

Kadi za nyuso zilinidanganya kwa miaka. Ukimketisha mtoto wa huku kwenye kiti mbele yako, ukamtazama usoni, ukamuuliza anajisikiaje leo, atagusa uso unaocheka. Amelelewa vizuri. Mkubwa akikuuliza habari unajibu nzuri, hata kama mguu umevunjika. Ripoti zangu za mwanzo zilikuwa zimejaa furaha kiasi kwamba wafadhili waliuliza kwa nini nipo.

Sasa niwaambie kuhusu Kemigisha, kwa sababu yeye ndiye anayekaa karibu zaidi kwenye duara langu la asubuhi.

Alikuwa darasa la tano kwenye shule moja upande wa Kyerwa, mahali ambapo migomba inaisha na majani ya malisho yanaanza, mepesi, ya rangi ya simba, yanayolala upande mmoja upepo ukipita. Watoto wengi wa shule ile walikuwa wa wakulima. Kemigisha alikuwa wa wafugaji, mtoto wa mzee Katabarwa, Mlutheri mwenye kofia na fimbo ndefu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alipokuwa akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Sikumchagua kwa sababu ya tatizo lolote. Nilihitaji wa kumi na mbili.

Wiki ya tatu zoezi lilikuwa kuchora kitu cha nyumbani kinachokupa amani. Wengi walichora sufuria. Kemigisha alichora ng'ombe, akajaza karatasi yote, kila mmoja na pembe zake ndefu, mmoja na baka jeupe begani, mwingine na pembe iliyopinda ndani. Sijawahi kuona mtoto akichora kwa utulivu ule. Nilifurahi. Niliinua karatasi juu darasa lote liione, nikauliza, "Kemigisha, wako wangapi hawa?"

Akaangalia chini.

"Basi tumsaidie mwenzetu," nikasema. Nikaweka kidole juu ya ng'ombe wa kwanza, na watoto wakahesabu nami kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na tatu. Tukapiga makofi. Nikaandika namba ile chini ya picha kwa kalamu nyekundu, nikaibandika ukutani. Kwenye daftari langu niliandika: mtoto mwenye haya, ameanza kufunguka.

Mwezi ule josho la kata, la kuogeshea ng'ombe, lilikuwa limefungwa kwa kukosa dawa, na kupe walikuwa wengi kwenye malisho. Ng'ombe wa mzee Katabarwa wakapata ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Akafa mmoja, akafa wa pili, na kabla ya wiki ya saba walikuwa wamekufa wanne. Nilisikia, nikasikitika, nikaendelea na ratiba.

Kemigisha alinyamaza. Mpira ukimfika aliupitisha. Tumbo lilimuuma Jumatatu, kisha kila siku. Zahanati walipima malaria, haikuwepo. Wakapima minyoo, haikuwepo. Baba yake akanieleza jambo lililonishtua kuliko yote: mtoto hanywi maziwa. Mtoto wa wafugaji, aliyelelewa kwa kibuyu cha maziwa, anakisukuma kando, na jioni ng'ombe wakirudi anajificha nyuma ya nyumba.

"Nimeamua, mwalimu," alisema. "Jumamosi ijayo nampeleka kwa shangazi yake, mbali. Shule ataacha kwanza. Hapa kuna kitu kinamla na sikioni."

Nilimwomba aniachie wiki hiyo. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na stashahada. Nilimkalisha Kemigisha ofisini kwa mwalimu mkuu, kiti kwa kiti, nikampa kadi zangu. Akagusa uso unaocheka. Nikamwambia anuse kahawa na kuipoza. Akanusa, akapoza. Siku mbili nzima. Alitii kila kitu na hakuna kilichobadilika, na mwili wake ulikuwa unaendelea kupungua ndani ya sare.

Alhamisi mwalimu mkuu aliniambia, kana kwamba ananionyesha njia ya chooni, "Kamuulize mpishi."

Mpishi wa shule alikuwa Ma Restituta, mwanamke mzito, mpole, aliyekuwa anapika pale tangu shule ikiwa na vyumba viwili. Alhamisi ilikuwa siku ya ndizi na maharage, na wasichana wa darasa la tano na la sita walikuwa zamu ya kumenya. Nilimkuta nao nyuma ya jiko, wamekaa mstari mmoja kwenye gogo, macho kwenye visu; Kemigisha hakuwepo, tumbo lilikuwa limembakisha nyumbani.

"Shikamoo, Ma Restituta."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea? Ofisini ndiko kwenye viti."

"Nimekuja kwako. Nimeambiwa watoto wanakueleza mambo yao."

"Mimi hawanielezi kitu. Wanaziambia ndizi. Mimi nakuwa karibu tu."

"Basi ndizi zimesikia nini kuhusu Kemigisha?"

"Siongei na mtu aliyesimama, shingo inauma. Na anayekaa bila kazi namwona kama mpelelezi." Akanisogezea kisu kwa mguu, pamoja na mkungu.

Kwetu mwanamume hamenyi ndizi. Nilikuwa na shati jeupe. Nilikaa.

"Mwalimu anamenya," alisema msichana mmoja, taratibu, kama anayeripoti moshi. "Leo itanyesha mvua ya mawe."

"Mwache," alisema Ma Restituta. "Huko Mwanza wanaume wanajipikia."

"Na wanakula walichopika?"

"Wanakula. Ndiyo maana wanarudi nyumbani."

Walicheka wote, na baada ya kucheka wakanisahau. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu. Sikufundishwa hilo chuoni, na chuo changu kilikuwa kizuri. Visu vilikuwa vinakwenda, utomvu unatia vidole weusi, na maneno yakaanza kutoka yenyewe, ya pembeni, bila kumtazama mtu. Mmoja alisema baba yake amehama nyumba. Mwingine akasema, wetu pia, halafu akarudi. Ndizi ikadondoka majini. Wa tatu akasema yeye huota anaanguka kisimani. "Kila siku?" "Siku za mtihani." Ilikuwa kama kuwasikiliza watu wanaoongea usingizini. Wiki saba nilikuwa nimezungusha mpira wa magomba nikingoja vitu hivi, na vilikuwa vinamwagika kila Alhamisi hatua thelathini kutoka kwenye duara langu.

Kengele ikalia, wasichana wakanawa wakaondoka. Ma Restituta aliendelea kumenya.

"Ulihesabu ng'ombe wa baba yake," alisema.

"Nilihesabu picha."

"Ulihesabu ng'ombe. Kwa sauti, kwa kidole, mbele ya watu. Wewe mtoto wa wapi?"

"Rugera."

"Ndiyo. Rugera mnahesabu hata vifaranga." Akatupa ganda. "Wafugaji hawahesabu. Mwenye ng'ombe anasimama mlangoni mwa zizi, anawatazama, anajua nani hayupo. Namba haisemwi. Ukisema namba umeita kifo kije kuipunguza. Watoto wa wakulima walipiga makofi. Yeye alikuwa anajua, na hakuweza kumkataza mkubwa. Sasa wamekufa wanne. Anasema amewaua yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyewachora wote akawapeleka shule. Na maziwa ya waliobaki hana haki nayo. Alimwambia mwenzake, ndizi zikiwa katikati."

Kisu changu kilisimama. Nakumbuka kuku mmoja alipita kati yetu bila haraka. Nilikuwa nimekuja kuzuia ugonjwa, na mtoto huyu nilikuwa nimemwambukiza mimi, kwa kalamu nyekundu.

Nilikwenda darasani, nikaibandua ile picha, nikaikunja. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya safari, nikaenda kwa mzee Katabarwa.

Alinikaribisha kama wanavyokaribisha, akaniletea maziwa, nikanywa mpaka mwisho kwa sababu sikutaka kuanza kuzungumza. Kisha nikamwambia yote: picha, kidole, namba, makofi. Nikamwambia mtoto anabeba nini. Nikasema, "Mzee, mwenye kosa ni mimi. Yeye alichora tu."

Upepo ulikuwa unayalaza majani mlimani na kuyainua.

"Mimi ni Mkristo," alisema hatimaye. "Nilibatizwa nikiwa mtoto. Mambo ya kuogopa kuhesabu yalikuwa ya baba yangu. Ng'ombe wangu wameuawa na kupe. Josho limefungwa, kila mtu anajua."

"Ndivyo, mzee. Kwani sasa umebaki na wangapi?"

Akanitazama, akatazama malisho.

"Wapo," alisema.

Hatukucheka. Ila aliona kwamba nimeona, na uso wake ukabadilika. Aliinua kofia akaiweka gotini.

"Nimemwambia mara nyingi kwamba ni kupe," alisema, sauti imeshuka. "Nilidhani ananisikia."

"Anakusikia. Anaona pia kwamba namba huitaji."

Ningependa kuandika kwamba kilichofuata kilikuwa wazo langu. Halikuwa langu. Kitabu cha mwongozo kina ukurasa mzima kuhusu kuikaribia hofu kidogo kidogo, na sikuukumbuka hata mstari mmoja.

Ng'ombe walianza kurudi. Walikuja katika vumbi la jioni, jua likiwa nyuma yao, pembe zikipanda na kushuka kama mashina yanayoelea mtoni, bila sauti ila kengele moja. Mzee Katabarwa aliita, na Kemigisha akatokea nyuma ya nyumba akitazama miguu yake. Baba yake akamshika bega, akamsimamisha mlangoni mwa zizi, akasimama kando yake. Mke wake alikuwa ametoka na kibuyu. Alipoelewa mumewe anataka kufanya nini, alikiweka chini.

"Moja," alisema mzee Katabarwa.

Alihesabu kwa Kiswahili, kwa namna mimi nilivyokuwa nimehesabu, na alinyoosha kidole. "Mbili." Kila ng'ombe alipopita alimtaja kwanza jina kwa Kinyambo, kama anayemwomba radhi, kisha akasema namba. Kwenye kumi na mbili sauti ilipotea akairudisha. Mke wake alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kitupu cha maziwa na sikuthubutu kukiweka popote.

"Kumi na tisa," alisema, na mlango wa zizi ukafungwa.

Akachuchumaa mbele ya binti yake, kitu ambacho wanaume wa huko hawafanyi. "Nimewahesabu mimi, baba yako. Si wewe, si mwalimu. Wote kumi na tisa. Kama kuna jambo linakuja, linajua pa kunikuta. Wewe utakwenda shule."

Kemigisha hakunywa maziwa jioni ile. Niliondoka nisijue kama tumemfungua au tumemwongezea mzigo. Njia nzima mpaka barabara ya changarawe niliwaona wale ng'ombe wakipita mbele ya taa ya pikipiki, mmoja mmoja, wakiwa na majina ambayo sikuwahi kuyauliza.

Jumamosi hakupelekwa kwa shangazi. Jumatatu alikuwa darasani. Tumbo lilimuuma Jumanne, halikumuuma Jumatano. Mimi nilihamisha kundi langu zima. Wiki tatu zilizobaki tulikaa nyuma ya jiko, kwenye gogo, bega kwa bega, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na kisu, na Ma Restituta mwisho wa mstari. Wavulana walinung'unika siku moja. Kwenye ripoti niliandika "mbinu shirikishi za mazingira halisi", na makao makuu walipenda sana.

Nyinyi mnaokuja mtaambiwa mkae duara, mtazamane. Kaeni hivyo mkaguzi akija. Akiondoka, tafuteni kazi ya mikono. Kule Kamuli tulichambua kahawa, kwingine tulisuka mikeka. Mtoto asijue kwamba anaulizwa. Na mahali popote mtakapofika, kabla ya kufungua boksi la vifaa, ulizeni ni kitu gani hakisemwi hapo. Mimi sikuuliza, na nilikuwa bora kuliko wengi wenu.

Alhamisi ya mwisho ya kundi lile Kemigisha alikuja amechelewa. Alikaa pembeni yangu, akachukua ndizi, akaanza kumenya. Baada ya muda alisema, akiiambia ndizi, "Jana ndama amekufa."

Visu vyote vikasimama. Niliacha kupumua. Kahawa yangu yote, ya kunusa na ya kupoza, haikunisaidia.

"Nini kimemuua?" aliuliza Ma Restituta, bila kuinua macho.

"Kupe," alisema Kemigisha. "Baba amesema josho likifunguliwa tutakuwa wa kwanza." Akakata ncha ya ndizi. "Nililia. Halafu nikanywa maziwa, nikalala."

Visu vikaanza tena, kimoja, kisha vingine. Alidondosha ndizi yake majini, akageuka akaangalia yangu muda mrefu, nusu yake imekwenda na maganda na vipande vya ganda bado vimeishikilia, na kiganja chake chenye utomvu kikapanda kuufunika mdomo.

"Mwalimu," alisema, "wewe unatupa ndizi, unapika ganda."